Lenzi za Baba Mdogo

Kigoma mpiga picha hapimwi kwa picha zake. Anapimwa kwa ukubwa wa alichoning'iniza shingoni. Shuka barabara ya Lumumba kuelekea stesheni ya reli ukiwa na likamera la mdomo mrefu uone: bodaboda watakupisha, wauza vitenge watakukaribisha, na lazima atokee mtu wa kuuliza wewe ni wa televisheni gani na habari itaruka lini. Shuka barabara hiyohiyo na kamera ndogo, utaulizwa picha za pasipoti nne ni shilingi ngapi.

Mimi nilitaka ndogo. Kazi ninayoipenda haiko ukumbini, iko mwaloni, Kibirizi na Katonga, asubuhi dagaa wanapoanikwa. Huko kamera kubwa ni nuksi. Ikionekana tu, dagaa wanapanda bei, akina mama waliokuwa wanacheka wanaanza kuvuta kanga vichwani, vijana waliokuwa wanasukuma mtumbwi wanasimama wima na mikono mfukoni, halafu anajitokeza bwana mmoja asiye na sare wala kitambulisho lakini anataka kuona kibali. Picha za watu waliosimama wima ninazo tele. Zote zinafanana.

Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Sababu ya pili ni bati la biskuti.

Baba mdogo alikuwa na studio Ujiji tangu miaka ya sabini. Wazee wengi wa mji ule picha yao ya ujana ilipigwa pale, mbele ya pazia lililochorwa bahari, jahazi na mnazi. Ziwa Tanganyika lenyewe, lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha karibu mita 1,470, lilikuwa mwendo wa dakika chache tu kutoka mlangoni, na ni la bure, lakini hakuna aliyetaka kupigwa picha nalo. Ziwa kila mtu analo. Jahazi la pwani analo nani? Simu za kamera zilipokuja studio ikafa taratibu, pazia likaenda kufunika mahindi, na siku moja baba mdogo akaniita akanikabidhi bati.

"Usiuze," akasema. "Na usizianike juani. Lenzi ni kitu cha kivulini."

Ndani, katikati ya vidonge vya kufukuza nondo na kipande cha kitenge, zilikuwamo lenzi tatu. Ya kwanza Helios 44-2 ya milimita 58, iliyokuja na Zenit ya Kisovieti. Aliletewa na rafiki yake aliyerudi kutoka masomoni Moscow. Ya pili Pentacon ya milimita 135, ya Ujerumani Mashariki, nzito, ambayo ukimwangushia mtu mguuni utaitwa polisi. Ya tatu Super-Takumar ya milimita 50, ya Japani, yenye tundu la 1.4, ambayo kioo chake kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Na zote tatu, ya Mrusi, ya Mjerumani na ya Mjapani, zina skrubu moja nyuma, ile ya upana wa milimita 42. Vita Baridi vilikuwa vinaendelea, watu wanatishana kwa makombora, lakini kwenye skrubu walikuwa wamekubaliana.

Kwenye kamera yangu ya harusi, yenye kioo ndani, lenzi hizo zilikataa. Si kwamba hazikuingia, ziliingia kwa adapta. Lakini kamera ya kioo inahitaji nafasi ili kioo kipate pa kupandia na kushukia, kwa hiyo lenzi inakaa mbali na sensa. Kwa Nikon yangu umbali huo ni milimita 46.5. Kwa lenzi za skrubu ni 45.46. Tofauti ni milimita moja na kidogo, na milimita moja hiyo ndiyo inayokula dunia nzima. Mtu aliyekaa mbele yako unampata safi. Akirudi nyuma hatua chache, anakwisha. Jioni moja nikaielekeza ng'ambo, kwenye milima ya Kongo ambayo jua linazamia nyuma yake, nikazungusha lenzi hadi ikagoma, na Kongo haikuonekana. Kuna watu wangefurahi.

Dawa ilikuwa kamera isiyo na kioo. Kati ya kampuni kubwa za Japani, Sony ndio waliotangulia kuweka sensa ya ukubwa kamili, ule wa filamu ya zamani, milimita 36 kwa 24, ndani ya kamera ndogo ya namna hiyo, mwaka 2013 na A7 yao. Nikon na Canon wakafuata mwaka 2018. Kioo kikishatolewa, lenzi inasogezwa mpaka milimita 16 hadi 20 kutoka kwenye sensa, kutegemea kampuni, na hapo karibu kila lenzi ya kamera ya filamu iliyowahi kutengenezwa inapata nafasi ya kukaa, ili mradi umepata bomba la kujazia umbali uliobaki. Na ukubwa kamili wa sensa si mbwembwe. Sensa ndogo ingekata kingo za picha na kuniachia katikati tu, na mimi nilizitaka lenzi za baba mdogo nzima nzima, pamoja na kasoro zao za pembeni, kwa sababu ukweli ni kwamba raha yote iko pembeni.

Ni rahisi kusema chagua kamera. Siku hizo nililala na bei. Sigma fp, ya mwaka 2019, ni ndogo kuliko zote, gramu 422 pamoja na betri na kadi, inaingia mfuko wa shati. Lakini haina dirisha la kuchungulia, na mtu wa kutazama skrini saa nne asubuhi kwenye mchanga wa Kibirizi hajui jua la huko. Utaona uso wako mwenyewe. Tena haina shata ya chuma, inasoma picha mstari kwa mstari, na chini ya taa zinazopepesa, kama baadhi ya hizi za umeme wa jua ambazo wavuvi wamebadilisha na karabai, picha inatoka na mapande meusi na meupe, utadhani umempiga pundamilia. Canon RP ni nyepesi na bei yake ina utu, ila haina kitulizo cha mtikisiko ndani. Lenzi ya mwaka 1975 haiwezi kujituliza, na boti ya Kigoma haijawahi kutulia. Basi nikataka dirisha, shata ya chuma, kitulizo, na udogo, vyote pamoja, kwa pesa ya mtu anayelipwa na kamati za harusi kwa awamu.

Vitu vya namna hiyo Mtanzania anajua vinakotoka. Tunatoa magari huko. Nikaagiza kamera iliyotumika, kutoka Japani.

Adapta ilitangulia, kutoka China, ikashushwa kwenye basi la Dar. Mama alinisaidia kufungua kifurushi. Akaigeuza ile pete ya chuma, akachungulia upande huu, akaniona. Akaigeuza upande wa pili, akaniona tena.

"Kioo chake kiko wapi?"

"Haina kioo, mama."

"Ndani kuna nini?"

"Hewa."

"Umetoa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akaiweka mezani polepole, akaenda jikoni, na kutoka huko nikamsikia anamwambia dada kuwa hewa ya Kigoma ilikuwa haitoshi.

Kamera ikafika baadaye, mwezi wa sita wa mwaka 2024, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ziwa limefungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wapumzike na kuzaliana. Nilikuwa nimenunua kamera ya kupiga dagaa katika miezi pekee ambayo dagaa hawapo. Mwaloni Kibirizi kulikuwa na mitumbwi iliyopinduliwa, mbuzi, na vijana wanaocheza bao ambao, kwa kukosa kazi, walikuwa tayari kusimama wima muda wowote nitakaotaka.

Sikuwa na haraka, maana kamera yenyewe ilikuwa haipigi. Niliifunga Helios, nikabonyeza, ikatoa mstari wa maandishi ya Kijapani. Nikabonyeza tena, ikarudia kwa upole uleule. Nikatafuta sehemu ya kubadili lugha, sikuiona, kwa sababu haipo: baadhi ya kamera zinazouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake. Hilo lisingenishangaza. Gari la shemeji limekuwa likimuaga kwa Kijapani kila akizima injini kwa miaka, na naye humjibu "haya, asante".

Nikashauriwa kumwona mzee mmoja Bangwe. Hapa lazima niseme kwamba Kigoma si mahali pabaya pa kukwama na Kijapani. Kusini mwa hapa, kwenye milima ya Mahale, watafiti wa Japani wakiongozwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuwachunguza sokwe mwaka 1965, miaka mitano baada ya Jane Goodall kuanza Gombe, na wapo wazee wa pwani hii waliobeba mizigo yao, wakafungua njia zao porini, wakala wali wao. Mzee huyu alikuwa mmojawao. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba, nikamwekea kamera mapajani. Akavaa miwani. Akaitazama skrini kwa muda mrefu na heshima kubwa. Kisha akainamisha kichwa kidogo akaiambia jambo kwa Kijapani.

"Umesoma, mzee?"

"Kusoma sijui," akasema. "Nimeisalimia."

Kazi ikafanywa na simu, kwa programu ya kutafsiri, ukurasa baada ya ukurasa, bando likiyeyuka. Ilikuwa hivi: kamera za siku hizi huongea na lenzi kwa vidoti vya umeme. Lenzi ya kale ni bubu, haina umeme wowote, kwa hiyo kamera inaamini kwamba mbele yake hakuna kitu, na imezuiwa kupiga ikiwa haina lenzi. Kuna mahali ndani ya menyu pa kuiruhusu. Ukiiruhusu, na ukaiandikia kwa mkono kwamba lenzi hii ni ya milimita 58 ili kitulizo kijue kitulize kiasi gani, mnaelewana. Nilipapata mahali hapo saa tano usiku. Nikanakili yale maandishi kwenye daftari, mchoro kwa mchoro, ili siku yakipotea niyatambue.

Yalipotea mapema kuliko nilivyotegemea. Mtoto wa dada, katika kutafuta gemu, alirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, jioni ya kuamkia harusi moja ya Ujiji. Asubuhi daftari halikuonekana kwa haraka, kisha likaonekana, gari likiwa linapiga honi nje, nikayanakili maandishi kwa kalamu kiganjani mwangu nikaondoka.

Harusi ile ilianza vibaya kwa sababu ileile ya mwanzo. Nilisimama mlangoni na kamera yangu shingoni, mwenyekiti wa kamati akaja, akanisalimia vizuri, akaniuliza, "Mpiga picha mwenyewe anafika saa ngapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akaitazama kamera, akanitazama mimi, nikaona anahesabu kimoyomoyo malipo ya awali waliyokwisha kunipa. Nikafungua begi nikatoa Pentacon. Kwa urefu wake, juu ya adapta, na kofia yake ya jua iliyovutwa mbele, ilikuwa inafika mbali. Mwenyekiti akatulia. Nikaletewa soda.

Tatizo la milimita 135 ni kwamba inaheshimika lakini haikai sebuleni. Bwana harusi alipokuwa anavalishwa koti nilipata sikio. Nikarudi nyuma nikapata kichwa. Nikatoka nje barazani nikapata kifua. Picha ya bwana harusi na baba yake, ambayo sasa imetundikwa ukutani kwao na inasifiwa kwa utulivu wake, niliipiga nikiwa uani kwa jirani, kupitia milango miwili, na kuku wake miguuni.

Wakati wa bi harusi kutoka nikabadilisha Helios. Vigelegele vikaanza. Ruhusa ya kupiga nilikwisha kuirudisha kwa kusoma kiganja, lakini Helios ilitaka kuandikiwa milimita 58; nikafungua menyu, Kijapani. Wanawake wako mlangoni, udi unafuka, bi harusi anainua uso, na mimi nimefumbua kiganja cha kushoto nakisoma, nabonyeza, nakisoma tena, midomo ikicheza. Niliwahi. Picha ipo. Lakini nilipoinua kichwa nikakutana na macho ya shangazi wa bi harusi, mama wa makamo aliyevaa dera la zambarau, na yalikuwa yametua kwenye mkono wangu.

"Wewe kijana. Hayo maandishi ya nini?"

"Ya kamera, shangazi."

"Kiarabu si Kiarabu hicho."

"Ni Kijapani."

Hakusema kitu. Alikwenda akamnong'oneza mwenzake, na tangu hapo kila nilipomsogelea bi harusi kulikuwa na mtu mzima katikati.

Mchana tukaenda kupiga picha za nje pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe. Ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871, chini ya mwembe ambao umeshakufa. Inasemwa hii iliyopo ni vizazi vyake. Watu wachache wanafikiri juu ya hili, lakini mkutano maarufu kuliko yote uliowahi kufanyika Ujiji haukupigwa picha hata moja. Michoro yote mnayoijua ya wale wazungu wawili wakivuliana kofia ilichongwa baadaye, ng'ambo, na Stanley mwenyewe alikwenda studio London akavaa nguo zake za safari akapigwa picha, mbele ya mandhari ya kuchora. Kwa maana nyingine alifanya kama wateja wa baba mdogo. Leo chini ya miembe hiyohiyo kila Jumamosi mtu anapigwa picha mia sita, na bado anasema hazijatosha.

Sasa Helios ina tabia yake. Ukiifungua tundu lote, ukamweka mtu karibu na majani yakawa mbali nyuma, majani hayafifii kimya kimya. Yanazunguka. Yanachora duara kumzunguka mtu, kisulisuli kizima, naye katikati ametulia. Duniani kuna watu wanaitafuta Helios kwa ajili ya jambo hilo tu. Nilimpiga bi harusi pale, uso safi, kope zinahesabika, na nyuma yake mwembe wote unakwenda mzunguko. Nilifurahi sana. Nikafanya kosa la kila mpiga picha, nikaonyesha skrini.

Shangazi alitazama picha. Akageuka akautazama mwembe, ambao ulikuwa umesimama. Akaitazama picha tena.

"Miti inazunguka," akawaambia wenzake kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua tangu asubuhi. "Niliwaambia. Mwangalieni mkono."

Ilibidi aje kijana wa ukoo anayesoma chuo awaeleze habari za lenzi. Alieleza vizuri, na mimi mwenyewe nilijifunza jambo. Shangazi alikubali, ila alisema za ukumbini apige mwingine.

Wiki ileile pete ya fokasi ya Pentacon ikawa ngumu. Grisi ya miaka arobaini hukauka, na fundi wa kamera hatuna. Tunaye fundi wa Mwanga anayetengeneza saa, redio na injini za boti, na ambaye hajawahi kukataa kitu. Alianza kwa kupendekeza mawese, kwa uzalendo. Nikakataa. Akapaka grisi ya injini, pete ikawa laini ajabu, kidole kimoja kilitosha. Kisha joto likaingia, grisi ikayeyuka, ikatambaa mpaka kwenye vile vipande vyembamba vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu, vikagandana. Nikamrudishia. Akanikumbusha habari za Liemba: kwamba Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen ziwani hapahapa mwaka 1916 waliipaka grisi injini, ikakaa majini kwa miaka, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. "Grisi ndiyo iliyoiokoa," akasema. "Na hii yako ni Mjerumani vilevile." Hoja ilikuwa na nguvu, hata kama lenzi ilikuwa haifunguki. Aliisafisha kwa petroli, akaipaka kidogo sana safari hii, na inafanya kazi, ingawa mteja akisogea karibu ananusa boti.

Ikabaki ile ya rangi ya chai. Super-Takumar ya aina ile ina kipande cha kioo kilichotiwa thoriamu, madini yenye mionzi hafifu; viwanda kadhaa vilifanya hivyo enzi zile kwa sababu kioo kilipinda mwanga vizuri zaidi. Mionzi hiyo, kadiri miaka inavyokwenda, hukifanya kioo kiwe cha manjano kikielekea kahawia. Tiba yake ni moja na haina gharama: mwanga wa jua. Ule usioonekana, wa urujuani, unakirudishia kioo weupe wake. Siku kadhaa, hata wiki, juani. Baba mdogo alikuwa amenikataza jambo moja tu duniani.

Ziwa lilikuwa limefunguliwa kwa wakati huo na mama alikuwa ameanika dagaa uani. Niliitafutia lenzi mahali tambarare, pasipo kivuli, asikofika kuku, na mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu: kwenye turubai, pembeni mwa dagaa, na kipande cha foili chini yake cha kurudisha mwanga. Mama alipogeuza dagaa, aliigeuza na lenzi. Ikawa inageuzwa asubuhi na saa nane.

Baba mdogo akaja bila taarifa, siku ambayo nilikuwa sipo. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya turubai, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo, baba."

Hakujibu papo hapo. "Hiyo," akasema, "nilipigia picha mkuu wa mkoa."

Nikamweleza thoriamu. Nikamweleza urujuani. Nilipofika kwenye mionzi aliinua mkono nikanyamaza. Nadhani alikuwa anahesabu miaka aliyoilaza chini ya mto. Akaiokota, akapangusa gamba la dagaa kwa ncha ya shati, akaielekeza angani akachungulia. Ilikuwa imeshaanza kung'aa. Akaiangalia kwa muda, akairudisha kwenye turubai palepale, ila akaisogeza kidogo, palipokuwa na jua zaidi.

"Marahaba," akasema.

Nilikwenda nayo Katonga mwezi ulipokwisha kabisa, maana dagaa wanataka giza; mbalamwezi ikiwapo taa za wavuvi hazina kazi na watu wanalala. Mtumbwi ulituchukua usiku mpaka taa za wenzetu zilipotuzunguka pande zote na Kigoma ikawa mstari mdogo. Lenzi yenye tundu la 1.4 inakunywa mwanga mpaka basi, kitulizo kilikuwa kinafanya kazi yake, kamera ilikuwa ndogo kiasi kwamba vijana waliisahau baada ya dakika chache wakaendelea kutukanana. Kilichonishinda ni dagaa wenyewe. Kamera hizi humsaidia mtu wa lenzi ya mkono kwa kuchora mistari myekundu pembezoni mwa kila kilicho kwenye fokasi. Wavu ulipoinuliwa, taa ikawamulika, maelfu ya vitu vidogo vya fedha vikaruka kwa pamoja, na skrini nzima ikawa nyekundu. Kwa mujibu wa kamera kila dagaa wa Ziwa Tanganyika alikuwa kwenye fokasi kwa wakati mmoja. Nilichagua mmoja nikamfuata. Wengine wametoka kama walivyotoka, na nyuma yao kuna kijana anayevuta kamba, mdomo wazi katikati ya tusi, na hajasimama wima.

Picha hiyo niliiosha kubwa nikaitundika kwa fundi wa Mwanga, badala ya malipo ya mara ya pili. Ndiyo iliyoleta balaa lililopo sasa. Habari imeenea kwamba nanunua vioo vya zamani. Wanakuja. Nimeletewa miwani ya marehemu, darubini ya jicho moja, taa ya mbele ya Land Rover na kitako cha chupa ambacho mwenye nacho anaapa kilikuwa cha Mjerumani. Mwalimu mstaafu kutoka Kasulu alileta lenzi ya projekta ya slaidi iliyookolewa stoo ya shule, kitu kizuri kabisa, kioo safi, ila hakina skrubu, hakina pete, hakina tundu la kufungua wala kufunga, na hakuna adapta yake popote duniani.

Nilipeleka kwa fundi. Akaipima kwa rula, akaniuliza inatakiwa ikae umbali gani, akakata kipande cha bomba la maji la plastiki, akakipaka rangi nyeusi ndani, akakibandika kwenye kifuniko cha kamera alichokitoboa kwa msumari wa moto. Tukatoka nje tukapima: ukisogeza lenzi ndani ya bomba kwa vidole, Kongo inaonekana.

"Shilingi ngapi?"

"Bomba elfu mbili, gundi elfu moja, rangi mia tano," akasema fundi huku akinifungia kwenye gazeti. "Hewa ya ndani nimekupa bure."